Mashine za Kimya kwenye Slabu Yetu

Kelele ningeizoea. Nimekaa Bondeni, hapa Nakuru, miaka mingi kuliko umri wa watu wengi wanaonisalimia njiani, na kelele hapa tunaivuta kama hewa: mchomeleaji vyuma, redio, mhubiri na spika yake, pikipiki inayokataa kuwaka. Kilichoninyima amani wiki ile ni kimya. Watu walikuwa wanavunja simiti mbele ya mlango wangu, hatua kumi hivi kutoka kwa kigoda changu, na mimi sikusikia kitu.

Wacha nieleze vizuri. Nyumba zetu ni zile za zamani za kanjo, yaani za baraza la mji, za mstari, mlango kwa mlango, na katikati ya mistari miwili kuna uwanja. Katikati ya uwanja kulikuwa na slabu kubwa ya simiti, na kando yake mfereji wa kutekea maji. Hapo ndipo tulipofulia. Watoto wangu wote niliwaogesha hapo, na wajukuu, na vitukuu wawili. Sasa bomba jipya la maji machafu lilikuwa lipite chini ya uwanja huo, kwa hivyo slabu ilikuwa lazima iondoke.

Mwaka uliotangulia, kwenye mistari ya upande wa pili, kontrakta mmoja alikuja na ile drili kubwa ya hewa. Ukuta wa nyumba moja ukapasuka kutoka dirishani mpaka chini. Akina mama waliokuwa wamejifungua kwenye kliniki iliyo mwisho wa uwanja wetu wakatoka nje na watoto kwenye blanketi, mama analia na mtoto analia. Watu wakalalamika, wakaandika barua, wakaitisha mkutano. Ndipo tukaambiwa kwamba upande wetu italetwa mashine ya aina nyingine, isiyopiga kelele wala kutikisa ukuta. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, nami nitasema kwa nini.

Zilikuja Jumatatu, ndani ya masanduku kama ya mchuuzi wa mayai. Nilitegemea kitu kikubwa. Msichana mmoja akafungua sanduku akatoa kitu kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, chenye ngozi ya mpira na mikunjo mikunjo, kama nyungunyungu aliyenenepa. Vilikuwa kumi na viwili, kila kimoja na mrija wake. Vijana wa kazi wakaviita minyoo palepale.

"Mathe, tumekuletea minyoo," mmoja akaniambia. "Usiipe dawa, tafadhali, ni ya watu."

Ninasema msichana, lakini alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, injinia, na yeye ndiye aliyezitengeneza mashine zile pamoja na wenzake. Alivaa buti zilizomzidi mguu na kofia ngumu ya manjano. Alikuja mpaka mlangoni pangu akanipa mkono, mwingine ukishika kiwiko, kama mtoto aliyelelewa akimsalimu nyanya yake.

"Umeshindaje, shosho? Nitakusumbua siku nne hivi. Ukisikia kelele, niite unigombeze."

"Na nisiposikia?"

Akacheka. "Usiposikia ujue kazi inaenda."

Nikamkaribisha chai, na tangu hapo akawa anakunywa kwangu saa nne na saa kumi. Kwao ni Molo, baba yake mkulima wa viazi. Aliniambia wazo la mashine lilianzia huko nyumbani. Walikuwa na tangi la maji la simiti, na mti ukaota kando yake. Baba yake alikata mti, lakini mzizi ulikuwa umeshaingia kwenye ufa mdogo kama unywele, na mwaka baada ya mwaka tangi likafunguka kama ganda la njugu. Hakuna aliyesikia chochote. Asubuhi moja walikuta maji yote shambani.

"Mzizi hauna meno, shosho, wala haraka. Unaingia, unakunywa, unavimba, unapumzika. Unavimba tena. Sisi tumeiga tu."

Hata ile ya kutoboa tundu waliiga mdudu. Alisema kuna nyigu anayetoboa mti mkavu ili atage mayai ndani. Hana nguvu ya kugonga, lakini ana kitu kama misumeno miwili myembamba inayopokezana, mmoja unavuta na mwingine unasukuma. Mashine ndogo ya kwanza ilifanya hivyo. Nikitega sikio sana nilisikia kama mtu anayejikuna juu ya nguo. Ikishatoboa, mnyoo mmoja unajiingiza wenyewe kwenye tundu, unatafuta simiti imelegea upande gani, halafu unaanza kuvimba. Hakuna mtu anayeushika. Msichana anaangalia tu kwenye kioo chake, kama simu iliyonenepa.

"Simiti ukiigonga inakubishia," aliwaambia wanawake waliokuja kutazama. "Ukiivuta taratibu kutoka ndani, inaachia."

"Kama bwana yangu!" jirani yangu wa mlango wa pili akasema, na wote wakaanguka kicheko.

Nami nilicheka. Lakini macho yangu yalikuwa miguuni pa msichana. Alikuwa amesimama katikati ya slabu, na mimi nilijua kuna nini pale chini.

Chini ya slabu ile kulikuwa na shimo. Zamani, kabla hatujapata vyoo vya maji, choo cha wanawake wa mistari yote miwili kilikuwa pale, choo cha shimo, na kilichimbwa na watu wasiojua kuchoka. Walichimba mpaka kamba ya ndoo ikaisha wakaunganisha nyingine. Udongo wa Nakuru unaujua: ni jivu la milima iliyowaka zamani. Unachimbika kama keki, na mvua kubwa ikija unakatika na kuondoka. Nimeona kwa macho yangu barabara ikifunguka asubuhi moja baada ya mvua, na watu wamesimama pembeni wanachungulia kama wanaotazama maiti.

Vyoo vya maji vilipokuja, tuliambiwa shimo lijazwe mawe mpaka juu, kisha lifunikwe. Lori likaletwa, limejaa mawe mazuri ya machimbo. Likamwaga uwanjani, dereva akaenda zake. Msimamizi wa kanjo akasema atarudi kukagua.

Ilikuwa msimu wa mvua. Maji yalikuwa yanaingia ndani ya nyumba zetu. Ukiamka unakuta viatu vinaelea, unga umelowa, mtoto anakohoa. Tulikuwa wanawake saba wa mstari huu. Majina yao yote ninayo, na ya waume zao, na ya watoto wao kwa kufuatana walivyozaliwa, lakini siyaandiki hapa. Wengine wana wajukuu maofisini. Tulisimama kwenye matope tukaangalia mawe yale, tukaangalia milango yetu. Sikumbuki nani alisema kwanza, na mimi hukumbuka kila kitu, kwa hivyo labda hakuna aliyesema. Tuliyabeba. Siku mbili tu, lori zima likawa vizingiti na vijia mbele ya milango saba. Maji hayakuingia tena.

Shimo tukalijaza tulivyoweza. Magodoro yaliyooza, majivu ya jiko, migomba, maganda ya mahindi, kabati lililoliwa na mchwa, kitanda cha springi. Tukarundika mpaka juu. Tukalaza mabati ya zamani, na bwana wa mmoja wetu aliyekuwa fundi akamwaga simiti, nene na nzuri, na kwa kuwa ilikuwa nzuri tukasema basi ipanuliwe iwe ya kufulia. Msimamizi alirudi akakuta wanawake wanafua. Akauliza, "Mawe yameingia yote?" Wenzangu wakaniangalia mimi, kwa sababu bwana yangu alikuwa kibarua wa kanjo na neno langu lilikuwa na uzito.

Nikasema, "Yote, bwana."

Akaandika. Maandishi yake ndiyo yaliyoingia kwenye ramani aliyopewa yule msichana wa Molo. Alinionyesha mwenyewe kwenye kioo chake: mraba mdogo katikati ya uwanja, na maandishi kwamba hapo pamejazwa mawe.

Takataka huoza. Hilo kila mtu anajua. Tuliweka kilima cha takataka kule chini, na miaka yote hii kilikuwa kinaoza, kinashuka, kinashuka, na sisi juu tunafua nguo na kuogesha watoto. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki kati ya wale saba. Wanne nimewazika, wawili walihama na sijui kama wako hai.

Jumatatu ile jioni nilimpigia kijana wangu simu, yule anayekaa upande wa Njoro. Nikamweleza.

"Mama, nyamaza," akasema. "Hiyo ni habari ya zamani. Ukianza kusema wewe ndiye ulidanganya, watakutoa kwa hiyo nyumba. Utaenda wapi? Na hao wana mashine za kisasa. Kama kuna shimo wataliona."

"Na wasipoliona?"

"Mama, wale ni mainjinia."

Hayo maneno niliyashika kama mtu anayeshika ukuta gizani. Mashine za kisasa, wataliona. Jumanne nikakaa kwenye kigoda changu nikangoja walione. Msichana alikuja saa nne, nikampa chai, nikamuuliza kama mashine yake inaona chini.

"Inahisi tu inapogusa, shosho. Inajua simiti iliyo kando yake. Na tunatoboa mpaka karibu na mwisho, tunaacha upana wa vidole vitatu, ili tusichafue tundu kwa udongo."

"Kwa hivyo haifiki chini."

"Haina haja. Chini ni mawe."

Nikamwongezea chai.

Bwana yangu alikuwa na njia yake ya kazi, na wenzake wote wa genge walikuwa nayo. Kabla ya kuvunja sakafu yoyote walishika mtaimbo, ile nondo nene ya chuma, wakaupigiza chini kila hatua moja na kusikiliza. Pakiwa na udongo chini, sauti inakuwa fupi. Pakiwa patupu, sauti inarudi. Hata walipokuja kupewa drili kubwa hawakuhitaji tena kupigiza, kwa sababu drili yenyewe ilibadilisha sauti ilipokaribia utupu, na mtu aliruka pembeni bila kuambiwa. Nilikuwa nikilifikiria hilo Jumanne nzima. Ile kelele tuliyoilalamikia ilikuwa inasema kitu. Minyoo ile haikusema kitu.

Nilijaribu kusema kwa kuzunguka. Msimamizi wa vijana, bwana mmoja mwenye kitambi na filimbi shingoni isiyopigwa kamwe, alikuwa anapita, nikamwita.

"Bosi, hiyo slabu ni ya zamani sana. Mngeiangalia vizuri."

"Mathe, hata wewe ni wa zamani na bado uko imara."

"Nasema chini huko, udongo wa hapa si wa kuamini."

"Ndiyo maana tumekuja polepole, mathe. Hii kazi hata mende hajui inaendelea." Akaenda zake anacheka.

Nikaona nimesema. Ndivyo nilivyojidanganya: nimesema, hawakusikia, si kosa langu. Lakini usiku huo usingizi haukuja kabisa, na asubuhi nilijua sikuwa nimesema chochote.

Jumatano kulikuwa na nyufa. Slabu ilikuwa imegawanyika kwa mistari, bila vumbi, bila kelele, kama mkate uliokatwa ukaachwa kwenye sahani. Watu walikuja kupiga picha. Upande wa mfereji ulikuwa umekwisha kung'olewa, na chini yake palikuwa na udongo tu, kwa sababu pale ndipo tulipoipanua. Ilibaki sehemu ya katikati. Msichana alitoboa matundu mapya, akaingiza minyoo sita, akachuchumaa hapo hapo juu na kioo chake magotini.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa amemaliza kuosha vyombo. Hakufikiria. Alifanya kile alichofanya kila siku ya maisha yake: akamwaga beseni la maji kwenye slabu.

Nikayaangalia yale maji. Yalikimbia mpaka kwenye ufa ulio karibu na msichana, yakaingia. Nikangoja yajae, yatokee pembeni, yatengeneze hata tope. Beseni zima liliingia kwenye ufa usiozidi upana wa ukucha, na halikurudi.

Nilisimama. Magoti yangu hayasimami haraka siku hizi lakini siku hiyo yalisimama. Nikatembea mpaka ukingo wa slabu, nikaogopa kukanyaga, nikasimama hapo.

"Mama," nikamwambia yule injinia. Sikumwita msichana. "Toka hapo."

Akainua kichwa. "Shosho?"

"Hapo chini ni shimo. Si mawe. Hatukuweka mawe. Ni choo cha zamani, ni refu, na ni mimi niliyesema mawe yameingia. Toka, mama, lakini usisimame. Lala."

Msimamizi akaja akinyoosha mikono. "Haya, mathe, twende ukapumzike, jua ni kali."

"Usinishike," nikamwambia. "Leta mtaimbo upige hapo pembeni, kisha uniambie jua ni kali."

Nafikiri ni ile sauti yangu. Kijana mmoja akaleta mtaimbo na kuuangusha kwenye ukingo uliobaki. Mara ya kwanza, sauti fupi. Akasogea hatua moja, akaangusha tena, na sauti ikarudi. Ilirudi kutoka mbali, kama mtu aliyeitika ndani ya nyumba yenye vyumba vingi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Yule kijana akaachia mtaimbo na kurudi nyuma, na watu wote waliokuwa wanapiga picha wakarudi nyuma naye.

Msichana alikuwa bado amechuchumaa katikati. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Zima hizo vitu!" msimamizi akapiga kelele.

"Nimezima."

"Umezima?"

"Nimezima, nimesema! Lakini haziachii mara moja. Zinachukua muda kusinyaa."

"Muda gani?"

Akakodolea kioo chake macho. Na hapo ndipo nilipoona ubaya wa kimya kile. Hakuna aliyeweza kujua. Ile drili kubwa ikizimwa imezimwa, hata kiziwi anajua. Hizi sita zilikuwa ndani ya simiti, zimevimba, na kama zilikuwa bado zinasukuma au zimelala, hakuna sikio la mtu lililoweza kusema.

"Lala, mama," nikamwambia tena. "Lala kifudifudi, ujinyooshe kama mtoto anayekataa kubebwa. Njoo kwangu."

Akalala. Kofia ikamtoka ikabingirika, na sisi wote tukaifuata kwa macho mpaka ikasimama. Vijana wakasukuma mbao mbili ndefu juu ya slabu mpaka zikamfikia mikononi. Akaanza kutambaa. Buti zile zilizomzidi mguu zilikwama kwenye ufa, akavuta, moja ikabaki. Wanawake waliokuwa wanacheka Jumatatu walikuwa wameziba midomo. Jirani yangu alikuwa bado ameshika beseni lake, anasali kwa sauti ya chini, maneno hayaishi. Mimi sikusali. Nilikuwa namwangalia machoni na kumwambia njoo, njoo, njoo.

Alipofika kwenye ukingo wakamvuta kwa mikono, na wote tukaanguka nyuma kwenye matope ya mfereji. Sijui ni muda gani ulipita. Labda wa kuhesabu mpaka ishirini. Kisha ile sehemu ya katikati ikashuka. Haikuanguka kwa kishindo kama unavyofikiria. Ilizama upande mmoja, polepole, kama mtu mzee anayeketi, ikainama, ikaondoka, na mbao zikaondoka nayo, na buti, na minyoo sita na mirija yake. Tulisikia kitu kikigonga mbali chini, halafu maji. Ukingoni kilibaki kipande cha bati na springi moja ya kitanda, inatikisika.

Msimamizi alipuliza filimbi yake. Sijui alikuwa anamwita nani.

Baadaye aliuliza ni nani walioziba shimo. Nikamtajia majina saba, nikianza na langu. Akayaandika. Nikamwambia pia mawe yako wapi, kwa kuwa alikuwa ameyakanyaga tangu Jumatatu. Nilingoja aniambie habari ya nyumba, kama nitatolewa. Hakuniambia, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuniambia, na kila nikiona mtu ameshika faili langoni moyo wangu unaruka.

Lakini si hilo lililoniuma. Msichana alikuwa ameketi juu ya jiwe, mguu mmoja una buti na mwingine una soksi. Nikaenda nikamwekea shuka langu mabegani. Akaniinulia macho.

"Ulijua tangu Jumatatu?"

"Nilijua."

"Siku tatu, shosho. Nimekaa pale juu siku tatu. Ulikuwa unaniangalia."

"Nilidhani mashine itaona."

"Nilikuambia Jumanne kwamba haioni. Uliniuliza, nikakuambia."

Ningeweza kumwambia habari ya kijana wangu na nyumba, na uzee, na kutojua maneno ya kusema mbele ya wakubwa. Vyote ni kweli na hakuna kinachojibu. Nikasema, "Niliogopa." Akalivua shuka, akalikunja vizuri kabisa, akanirudishia, akaenda kukaa kwenye gari lao.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nje mapema. Walikuwa wamezungusha mabati na kamba kwenye shimo. Msichana alikuja amevaa viatu vya kawaida. Hakunipa mkono. Alisimama mbali kidogo, akaniuliza kama mtu anayeuliza karani:

"Kuna lingine?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo usiku kucha. Kabla hajamaliza nilishasema, "Liko. La wanaume."

Lilikuwa kule mwisho wa uwanja, karibu na ua wa kliniki. Lilizibwa mwaka uleule na wanawake wa mstari mwingine. Na wao waliletewa lori lao la mawe, na milango yao ina vizingiti kama yetu. Sikuwahi kuwauliza. Hatukuulizana.

"Utanionyesha mahali?"

Tukaenda, mimi, yeye, msimamizi na kijana mwenye mtaimbo. Mahali pale ni udongo mtupu sasa, pamekanyagwa pakawa pagumu. Watoto huchezea mpira hapo, na kila adhuhuri akina mama wa kliniki hupita na watoto mgongoni kwenda barabarani. Mti uliokuwa alama ulikatwa. Ukuta wa zamani haupo. Nilikumbuka kwamba kutoka pembe ya nyumba ya mwisho zilikuwa hatua kumi na nne, kwa sababu nilikuwa nazihesabu nikimpelekea bwana yangu maji ya moto alipokuwa mgonjwa na hawezi kurudi peke yake.

Nikasimama kwenye pembe, nikahesabu. Kumi na nne. Nikafika mahali. Kijana akapigiza mtaimbo: sauti fupi. Akapigiza kando: fupi.

"Ni hapa, shosho?" msichana akauliza.

Nikaangalia miguu yangu. Wakati ule nilikuwa mwanamke wa kubeba ndoo mbili za maji bila kuzitua. Hatua zangu za wakati ule na hizi za sasa si sawa. Inawezekana ni mbele kidogo. Inawezekana nilikuwa naanzia mlangoni, si kwenye pembe. Ninamkumbuka kila mtu aliyekuwa akipita pale, jina lake na la mama yake, na sikuweza kusema ni wapi hasa walipokuwa wanakwenda.

Kutoka upande wa kliniki mama mmoja alikuwa anakuja, mtoto mgongoni, anazungumza na simu.

"Sijui," nikasema. "Ni hapa karibu. Sijui ni wapi."

Msimamizi akaanza kupima mahali pa kuweka kamba, mraba mdogo kuzunguka pale tuliposimama. Nikamwambia hapana. Nikamwambia aongeze, aipeleke mpaka kwenye ua, na upande huu mpaka kwenye pembe ya nyumba, yote.

"Mathe, hiyo ni uwanja wote. Watu watapita wapi?"

"Watazunguka," nikasema, na nikaenda kumzuia yule mama.